Marehemu wa Tatu

Redio iliita saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, Land Rover ikiwa imeshatoka Migori mjini na kushika barabara ya Isebania kwa doria ya mpakani.

"Saba, Saba. Mlima anaita."

Gisiri alichukua kipaza sauti kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukuacha usukani. Mbele yake magari mawili yaliyobeba askari kumi na wawili yalikuwa yanatimua vumbi.

"Saba nakusikia."

"Mzigo unavuka Isebania leo saa nane mchana. Matiko amefukua mjadala."

Mguu wa Gisiri ulilegea kwenye mafuta.

Siku kumi na moja Matiko hakuwa amesikika. Alikuwa ofisa wa mifugo wa Kehancha, mtu mpole wa kuchanja ng'ombe, na Gisiri mwenyewe ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hii. Miezi minane Matiko alikuwa amekaa karibu na Mzungu aliyeitwa Reinders, mnunuzi wa ngozi. Reinders alipitisha bunduki mpakani zikiwa zimefungwa ndani ya ngozi mbichi, kwa sababu hakuna askari wa kizuizini aliyetaka kuingiza mkono katika uvundo ule. Akishazipitisha, aliziuza kwa pande zote mbili za ugomvi wowote aliousikia.

Wiki iliyopita Mellen, mke wa Matiko, alimkuta Gisiri stendi ya Kehancha. Alimwuliza jambo moja tu, kama mume wake yu hai. Gisiri alimwambia yu hai.

Hakuwa na uhakika.

"Nisomee alichoandika," Gisiri alisema. "Chote."

"Mahali nimeshakwambia. Isebania."

"Nisomee, mzee."

Karatasi ilikwaruza upande wa pili. Mlima, mkubwa wake, alisoma kama mtu anayesoma orodha ya vipuri. Mjadala uliofukuliwa uliitwa Josho la Isebania, Kupe Wanaokataa Dawa. Ulikuwa umelala miezi kumi na minne. Matiko alikuwa ameandika saa moja kasoro dakika nane asubuhi: "Nafukua mjadala huu. Pole kwa wenzetu tuliokuwa nao hapa na sasa hawapo. Onyango wa Karungu. Daktari Nyarangi. Momanyi wa Rangwe. Kupe wamerudi, nani ana dawa mpya?"

Gisiri alikanyaga breki.

Land Rover iliserereka kando ya barabara na kusimama. Magari ya askari yaliendelea mpaka yakamezwa na vumbi lake.

"Momanyi hajafa," alisema.

Mwaka huo wa tisini na sita, nje ya Nairobi ni wachache waliokuwa wamegusa kompyuta. Lakini Homa Bay, nyuma ya duka la redio la Bashir, kulikuwa na moja. Kompyuta aina ya 486, modemu ya US Robotics, na laini moja ya simu. Watu wakaiita Ubao. Wanachama walikuwa thelathini na mmoja, wote watu wa mifugo: maofisa, watunza majosho, wauza dawa, wanunuzi wa ngozi, kuanzia Karungu hadi Kehancha. Ulipiga simu, mashine ikalia kama nguruwe anayechinjwa, ukasoma walichoacha wenzako, ukaacha chako, ukakata. Mmoja akiwa ndani, wengine walingoja.

Mjadala mpya kwenye Ubao uliwaita wote, kila mtu akatia neno. Mjadala wa zamani ukifukuliwa, watu walinung'unika kidogo na kupita. Ndiyo maana Gisiri na Matiko walichagua ya zamani. Bunduki zikikaribia kuvuka, Matiko angefukua, asubuhi ya siku hiyo, mjadala wenye jina la mahali zinapovukia; saa ilikuwa nane mchana kila mara. Basi. Nani angeshuku mtu anayeuliza habari za kupe wa mwaka juzi?

Lakini kufukua kulikuwa na adabu yake.

Watu walikuwa wanakufa sana miaka ile. Ugonjwa wenyewe haukutajwa jina, ila ulijua njia ya kila boma. Mjadala wa mwaka jana ukiufungua, ulikuwa kama picha ya arusi ya zamani, unaanza kuhesabu walioondoka. Kuna siku mtu alifukua mjadala akamwuliza Onyango wa Karungu bei ya dawa, Onyango akiwa na miezi mitatu chini ya udongo. Mjane wake ndiye aliyesoma, kwa sababu alikuwa amerithi mashine. Tangu hapo wakakubaliana. Ukitaka kufukua, kwanza pitia mjadala wote, tafuta waliokufa, wataje kwa majina, utoe pole. Ndipo useme shida yako.

Hakuna mwanachama aliyekosea jambo hilo. Na Matiko ndiye aliyelipendekeza.

"Labda amekosea," Mlima alisema redioni.

"Juzi Momanyi aligombana na Ubao mzima kuhusu chumvi ya ngozi. Nilisoma mwenyewe. Mtu aliyekufa hagombani kuhusu chumvi."

"Fupisha, Saba."

"Wamemshika Matiko. Wamemlazimisha kuandika Isebania ili sote tuende Isebania. Yeye akamwua mtu aliye hai, ili tujue maneno yote ni uongo. Na angeweza kumwua yeyote katika mjadala ule. Phanice wa Migori yupo. Abdirahim wa Isebania yupo. Amemchagua yule wa Rangwe."

Redio ilikwaruza.

"Amri ni Isebania. Endelea."

Gisiri alizima redio. Kisha akageuza gari.

Alisimama posta ya Migori na kumwita Bashir kwa simu ya duka, ile ya pili, isiyokuwa ya Ubao. Bashir alikuwa mtu wa Garissa, fundi wa redio, mwenye ndevu za kijivu na subira ya miaka. Alijua Gisiri ni nani. Hakuwahi kuuliza zaidi ya hapo.

"Leo kuna fujo hapa," Bashir alisema. "Kuna maiti inaandika."

"Momanyi?"

"Saa tatu na nusu. Ameandika kwamba yeye Momanyi yu hai, ana nguvu zote, na Matiko akapimwe akili."

Gisiri aliegemea ukuta wa kibanda. Hilo ndilo alilokuwa analiogopa. Reinders hakuwa mjinga. Gisiri angekuwa yeye, angepiga simu tena kabla ya lori kuondoka, aone Ubao umepokeaje maneno yale. Angemkuta marehemu wa tatu anatukana. Angejua Matiko amemchezea. Na Matiko angekufa dakika hiyohiyo, kama hajafa.

"Tangu Momanyi aandike, nani amepiga?"

Bashir alisoma orodha yake ya simu. Phanice, dakika tano. Abdirahim, dakika tatu. Wote wawili kabla ya Momanyi. Baada yake, hakuna aliyepiga.

"Jina la Matiko?"

"Limeingia mara moja tu, ile ya asubuhi."

"Futa maneno ya Momanyi."

Kiti cha Bashir kililia. Miaka mitatu ya Ubao hakuwahi kufuta neno la mtu. Alikuwa ameacha matusi, alikuwa ameacha uongo wa kisiasa, alikuwa ameacha hata mtu aliyemwita yeye mwenyewe mwizi.

"Unaniambia nimfute mtu anayesema yu hai," alisema taratibu.

"Nakwambia kuna mtu mwingine atakufa usipofanya hivyo."

Vidole vilisikika kwenye kibodi.

"Nimefuta. Mungu anisamehe. Na akiandika tena?"

"Yuko wapi?"

"Rongo. Anapigia kwenye duka la dawa la shemeji yake."

Gisiri alikuwa ameshakata.

Kutoka Migori hadi Rongo alitumia dakika ishirini na mbili. Alipita magari ya miwa upande usio wake na hakumtazama dereva yeyote usoni.

Alimkuta Momanyi nyuma ya kaunta ya duka la dawa, mtu mnene wa miaka hamsini, shati limefungwa vibaya vifungo, akiipiga kompyuta kama anatwanga. Kwenye skrini kulikuwa na maneno ya herufi kubwa tupu, bado hayajatumwa: MIMI MOMANYI NIKO HAI. NANI AMENIFUTA.

Gisiri alinyoosha mkono na kung'oa waya wa simu ukutani.

Momanyi aligeuka. Akatazama waya, akatazama mtu.

"Na wewe ni nani?"

"Naitwa Gisiri. Nahitaji uwe umekufa mpaka saa nane."

Momanyi akamwita shemeji yake aje na rungu.

Ilichukua kitambulisho na dakika tano za kuongea kwa sauti ya chini. Gisiri alimwambia ukweli, kwa sababu hakuwa na wakati wa kutunga kitu kingine. Matiko ameshikwa na watu wabaya. Matiko ametumia jina lake kupiga kelele bila sauti. Kila mara Momanyi anaposema yu hai, anamsogeza Matiko karibu na kaburi.

Momanyi alisikiliza huku anasugua paji la uso. Hasira haikuisha, ilibadilisha mahali pa kukaa.

"Mke wangu amesoma," alisema. "Amelia asubuhi yote na mimi nimesimama mbele yake. Analia ananiangalia. Anasema mtu hatajwi hivi bure, kuna kitu kinakuja. Unajua ni vibaya namna gani kwetu, mtu kutangazwa na bado anakunywa chai?"

"Najua. Hata kwetu ni vibaya."

"Mbona asimtaje Abdirahim?"

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza. Wewe una nini Rangwe?"

Momanyi alikuwa na ghala. Si lake, ni la ushirika wa wauza ngozi, lakini yeye ndiye aliyelifungua na kulifunga miaka tisa. Mwezi uliopita ushirika ulikodisha nusu ya nyuma kwa Mzungu. Mzungu akaweka kufuli lake la Viro na dereva wake, mtu wa Nairobi anayeitwa Tony. Mzungu alikuwa na heshima. Kila asubuhi alimsalimu. Na Jumatatu alimwambia apumzike wiki nzima, mshahara atalipa yeye, kwa sababu wana kazi ya kupanga mzigo na hawataki kumsumbua.

Gisiri alisogea karibu.

"Reinders anakujua. Anakuona kila siku. Mbona hakushtuka kusoma kwamba umekufa?"

"Anijue kwa jina lipi?" Momanyi alisema kama anamweleza mtoto. "Pale Rangwe nani ataniita Momanyi? Mimi ni Baba Kemunto. Hata mwenyekiti ananiita Baba Kemunto. Momanyi ni la kitambulisho na la huku kwa kompyuta."

Matiko alikuwa ameifikiria hiyo pia. Akiwa amefungwa, Mzungu amesimama begani pake anasoma kila neno, alikuwa amemtaja mlinzi wa ghala lenyewe, na Mzungu hakuona kitu.

"Chora," Gisiri alisema.

Momanyi alichora ghala nyuma ya karatasi ya dawa. Lango la mbele. Mlango wa nyuma wenye kufuli. Rundo la chumvi. Na mfereji wa saruji unaotoa maji ya chumvi nje, kuelekea kwenye vichaka, ambao kila msimu wa mvua yeye mwenyewe huingia kwa tumbo kuuzibua.

"Mtu anapita?"

"Mimi napita," Momanyi alisema. "Wewe utapita na nafasi ibaki."

Gisiri alirudisha waya ukutani. Simu iliita palepale, kana kwamba ilikuwa inangoja.

Alikuwa Bashir, ananong'ona, ingawa hakuna aliyeweza kumsikia.

"Jina la Matiko limeingia. Liko ndani sasa hivi, kwenye laini ile ingine. Naona anachosoma."

"Anasoma nini?"

"Mjadala. Polepole. Yuko kwa Phanice. Phanice ameandika Momanyi alimkopesha pikipiki siku mama yake amelazwa, na hatamsahau. Sasa amefika kwa Abdirahim, amesoma dua. Anaandika."

Gisiri alihesabu kimoyomoyo. Alifika kumi na tisa.

"Ameandika nini?"

"Ameandika, 'Mazishi ni lini?'"

Momanyi alikuwa amesogeza sikio karibu na simu. Uso wake ulifunguka kidogo.

"Anauliza," alisema. "Basi yu hai."

Gisiri hakuwa na hakika. Mtu anayeuliza hivyo anaweza kuwa rafiki aliyelazimishwa. Anaweza pia kuwa adui anayepima maji. Vyovyote vile, swali lilitaka jibu, na jibu lilitakiwa liwe la kweli katika kila kitu isipokuwa moja.

"Ningojee," Bashir alisema. "Hajakata. Yuko pale anangoja. Nimjibu nini?"

Gisiri alimgeukia Momanyi.

"Unazikwa lini?"

Momanyi aligeukia mlango. Nje, shemeji yake alikuwa anamwuzia mwanamke dawa ya minyoo. Momanyi alichukua simu mkononi mwa Gisiri, akaishika kwa mikono miwili.

"Bashir. Andika wewe, kwa jina lako, kama mlinzi wa Ubao. Andika familia imekaa. Momanyi atazikwa Jumamosi, nyumbani kwake, upande wa kulia wa nyumba. Wageni wa mbali wafike mapema. Ushirika utatoa ng'ombe. Hapana, usiandike ng'ombe mmoja. Andika wawili."

Walingoja.

"Amesoma," Bashir alisema. "Amekata."

Ilikuwa saa tano na dakika kumi na tatu.

Gisiri aliwasha redio akiwa tayari kwenye barabara ya Homa Bay.

"Mlima, Saba."

"Uko wapi, mpumbavu wewe?"

"Naelekea Rangwe. Ghala la ngozi. Mzigo umeshavuka kitambo, unaondoka leo. Naomba watu."

"Watu wote wako Isebania, kwa amri uliyoikataa."

"Basi nipe wa Homa Bay."

Mlima akasema atapata wawili, na Gisiri akiwa amekosea, kesho atakuwa analinda lango la shule.

Wawili wenyewe walikuwa koplo Onyancha, mtu mrefu mwenye G3 iliyotunzwa vizuri, na konstebo aliyekuwa na mafua. Walikutana naye mwendo mfupi kabla ya kituo cha soko la Rangwe. Gisiri aliwapa maneno machache. Onyancha achukue lango la mbele, lori lisitoke. Konstebo akae kwenye vichaka. Bunduki isilie mpaka wasikie yake.

"Na wakianza wao?" Onyancha aliuliza.

"Basi usinisubiri."

Uvundo wa ghala ulimpokea hatua hamsini kabla ya ukuta. Ngozi mbichi, damu ya zamani, chumvi. Gisiri alivua koti, akaweka bastola yake ya Browning ndani ya mfuko wa plastiki, akalala kwenye mfereji.

Momanyi hakusema uongo kuhusu nafasi. Ila hakusema lolote kuhusu funza.

Aliburuta mwili kwa viwiko. Maji ya chumvi yalimwingia kwenye kila mkwaruzo na kumchoma kama moto. Mita nane. Kumi. Mbele kulikuwa na mwanga wa kijivu na sauti za watu.

Alitokea nyuma ya rundo la ngozi lililofika kiunoni. Alitoa bastola kwenye mfuko na kutazama.

Lori la Isuzu lilikuwa limeingizwa kinyumenyume, nusu limejaa. Kijana wa shati jekundu, Tony, alikuwa anakunja ngozi na kuifunga kamba, na kabla hajaifunga Gisiri aliona bomba la Kalashnikov likichungulia. Mtu mwingine, mkimya, alikuwa juu ya lori na bunduki yake mwenyewe mapajani. Reinders alisimama pembeni, mrefu, shati safi, akiangalia saa yake ya Seiko. Kando yake kwenye meza kulikuwa na kompyuta ndogo ya Toshiba na waya wa simu uliopita dirishani.

Kiti cha mbele ya meza kilikuwa kitupu.

Gisiri alitafuta kwa macho. Kona ya kulia. Kona ya kushoto. Nyuma ya magunia. Hakumwona Matiko.

"Dakika kumi," Reinders alisema kwa Kiswahili kizuri cha kujifunza. "Wapo Isebania wanahesabu kupe."

Tony alicheka.

Gisiri alisimama.

"Polisi. Mikono."

Yule wa juu ya lori ndiye aliyechagua vibaya. Bunduki yake ilikuwa bado inapanda Gisiri alipompiga risasi mbili za kifua. Alianguka nyuma juu ya ngozi bila kelele. Tony alijitupa chini kifudifudi, mikono kichwani, kama mtu aliyewahi kufanya hivyo kabla. Reinders hakujitupa. Alitoa bastola ya Makarov kiunoni na kupiga huku anarudi nyuma kuelekea langoni. Risasi ya kwanza ilipasua gunia. Ya pili ilichana sikio la Gisiri.

Lango lilifunguka. Onyancha alikuwa amesimama katikati yake.

Reinders aligeuka kumtazama, na Gisiri akampiga risasi ya goti.

 Chumvi ilikuwa inamwagika taratibu kutoka kwenye gunia lililopasuka.

Onyancha alipiga teke Makarov ikaenda mbali. Konstebo aliingia, akaona mwili juu ya lori, akasahau mafua yake. Walifungua ngozi moja, mbili, sita. Baadaye walihesabu bunduki mia moja na arobaini na nne, mpya, bado zina grisi.

Gisiri hakuwa anahesabu. Alikuwa amepiga magoti kando ya Reinders.

"Yuko wapi?"

Reinders alikuwa ameshika goti kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa mweupe, lakini macho yalikuwa yanafikiri. Alitazama rundo la chumvi mara moja tu.

Gisiri alienda kwenye rundo. Hakutumia koleo. Alichimba kwa mikono, na chumvi ilipomwingia kwenye viwiko vilivyochunika hakuhisi kitu. Alikuta kiatu. Alikuta suruali ya kaki ya ofisa wa mifugo. Walikuwa wamemlaza na kumfunika kama wanavyofanya kwa ngozi wanayotaka ikae.

Alipangusa uso.

Damu ilikuwa imekauka zamani. Shingo ilikuwa ngumu, taya limeshikana. Gisiri alikuwa ameona maiti za kutosha kujua huyu amekaa saa kadhaa.

"Saa ngapi?" aliuliza bila kugeuka.

Tony, bado kifudifudi, akasema ilikuwa asubuhi. Alipomaliza kuandika tu. Mzee alisema hana kazi tena.

"Na saa tano? Nani aliandika?"

"Ni mimi," Tony alisema. "Mzee aliniambia niulize mazishi. Alisema hawa watu wakidanganya kifo watakwama kwa mazishi."

Asubuhi yote hiyo. Breki barabarani, Bashir kufuta, magari ya miwa, mtu mzima kuomba azikwe upande wa kulia wa nyumba yake. Wote walikuwa wanamwokoa mtu aliyekwisha kuwa chini ya chumvi kabla redio haijaita.

Gisiri alibaki amepiga magoti muda mfupi. Alifunga vifungo vya shati la Matiko mpaka juu. Kisha akainuka.

Redio ya gari iliita mara tatu ndipo akaishika.

"Saba, toa habari."

"Mzigo tunao wote. Reinders tunaye, ana goti bovu. Mmoja amekufa, mmoja mzima."

Mlima alitoa pumzi ndefu, akasema vizuri sana, akasema hata yeye alikuwa na wasiwasi na Isebania tangu mwanzo.

"Matiko amekufa," Gisiri alisema.

"Pole." Mlima alishusha sauti. "Asitajwe, Saba. Kuna wengine wa Reinders upande wa pili bado hawajui tulijuaje. Wakijua alikuwa wetu, watafuata kila aliyeongea naye. Familia iambiwe ajali ya barabarani. Na kwenye ule Ubao wenu lisiandikwe lolote."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka niseme."

Gisiri alirudisha kipaza sauti mahali pake bila kujibu.

Pickup ya duka la dawa ilikuwa imesimama nje ya uzio. Momanyi hakuwa amengoja saa nane. Alishuka akiwa na panga, akaona mkono wa Gisiri ulivyojaa chumvi, akaliweka panga chini kwenye majani. Alipita lango lake mwenyewe polepole. Onyancha alitaka kumzuia, Gisiri akatikisa kichwa.

Momanyi alisimama juu ya rundo. 

"Ni huyu?" aliuliza. "Sikuwahi kumwona. Tumebishana miaka mitatu na sikuwahi kumwona sura. Nilidhani ni mzee kama mimi."

"Alikuwa na thelathini na minne."

"Saa tano hakuwa yeye."

"Hapana."

Momanyi alivua kofia. Gisiri alimwambia yaliyobaki, kwa sababu mtu huyo alistahili. Kwamba jina la Matiko haliwezi kutajwa. Kwamba hakuna atakayemlilia kwenye Ubao, wala kutoa pole, wala kuuliza. Kwamba atazikwa Kehancha kama mtu aliyegongwa na gari. Halafu akamwambia yeye Momanyi yuko huru sasa. Anaweza kupiga simu Homa Bay na kusema yu hai. Bashir hatafuta.

Momanyi alitazama kofia mkononi.

"Phanice ameandika nini vile?"

"Kwamba ulimkopesha pikipiki."

"Na huyo Abdirahim amesoma dua." Alikung'uta chumvi iliyokuwa kwenye kiatu chake. "Jioni watakuwa wameandika wote. Watu thelathini. Wengine watafunga maduka."

"Ndiyo."

"Waache," Momanyi alisema. "Mpaka Jumamosi. Hicho kilio ni chake. Jina tu ndilo limekosewa."

"Na mkeo?"

"Mke wangu nitamweleza. Ataniambia nimerukwa na akili." Alivaa kofia. "Jumapili nitaandika niko hai, watanitukana mpaka mwaka uishe. Si neno."

Gisiri alimtazama. Alitaka kumshika mkono, lakini wake ulikuwa mchafu, akauacha.

Alikwenda kwenye bomba la ghala akafungua maji. Akaosha mikono, akaosha viwiko, akafunga kitambaa kwenye sikio. Reinders alikuwa anapakiwa kwenye gari la polisi, anaomba daktari kwa sauti ya mtu aliyezoea kujibiwa. Gisiri alipita karibu yake bila kugeuza kichwa.

Akavaa koti. Akabadilisha risasi za Browning, akaifungia kiunoni.

Onyancha alimwuliza anaelekea wapi.

"Kehancha," Gisiri alisema. "Kwa Mellen."

Akapanda Land Rover, akashusha kioo ili uvundo utoke, akaondoka bila kuwasha redio.